Amana ya Mizigo Katika Viwanja vya Ndege: Hukumu ya Wadia kwa Malipo

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na kila mwenye kuwafuata kwa wema.

Amma baad. Katika mambo ambayo safari za ndege zimeyaleta mbele ya Muislamu wa leo ni hili la kuweka mizigo kwa saa chache katika uwanja wa nchi anayoipitia. Mas-ala yenyewe huonekana madogo mpaka siku sanduku linapopotea. Hapo huzuka maneno mengi, na wengi huyasema bila ya elimu. Tumeona ni wajibu kuyaweka wazi maneno ya maulamaa juu ya jambo hili, ili imamu akiulizwa awe na la kujibu, na msafiri ajue haki yake na wajibu wake kabla hajalipa na kuchukua risiti.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana. Msafiri ametoka Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi au Mombasa, anakwenda Ulaya au Jedda kwa kupitia Istanbul. Anafika alfajiri, na ndege yake ya pili inaondoka usiku. Tikiti zake ni mbili tofauti, kwa hiyo masanduku yake amekabidhiwa yeye mwenyewe. Viza anayo, na moyo wake unatamani kuzuru kaburi la sahaba mtukufu Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), na kuswali katika Msikiti wa Sultan Ahmed. Uwanja huo mpya, uliozinduliwa mwaka 2018 na kupokea safari zote za abiria za uwanja wa zamani wa Atatürk mwezi wa Aprili 2019, uko kiasi cha kilomita 40 kutoka mji wa kale. Hawezi kuyaburura masanduku mawili mjini kutwa nzima. Basi huyapeleka kwenye kaunta yenye kibao kilichoandikwa "Emanet", akalipa, akapewa risiti, akaenda zake.

Arudipo jioni akaambiwa sanduku moja halionekani, nani atakayebeba hasara? Watu wana kauli mbili. Wa kwanza husema: "Hii ni amana, na mwenye kuweka amana hadaiwi, hiyo ni kadari ya Mungu." Wa pili husema: "Mimi nimelipa pesa, basi lazima nilipwe kila kitu, hata kama uwanja wote umeungua." Kauli zote mbili zina kipande cha haki na kipande cha makosa, na makosa hayo yanahusu mali za watu, ambazo sheria imeziharamisha kuliwa kwa batili.

NENO LENYEWE NA ASILI YAKE

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani mbele ya kibao hicho. "Emanet" ya Waturuki ni "amana" yetu, nasi sote tumeichukua kutoka katika Kiarabu. Katika nchi za Waarabu nako, mahali pa kuwekea mizigo ya wasafiri huandikwa "Amanat". Kwa hiyo mtu anayekabidhi sanduku lake pale, ajue asijue, anaingia katika mlango wa fiqhi ambao maulamaa wameuandikia sura nzima: mlango wa wadia.

Wadia katika lugha ni kitu kilichoachwa kwa mtu mwingine. Katika sheria ni mtu kumwakilisha mwenziwe amhifadhie mali yake. Mwenye mali huitwa muudii, na mwenye kuhifadhi huitwa mustaudaa. Dalili yake ni Qur'ani, Sunna na ijmai. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ameamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe. Katika Suratul-Baqara, aya ya 283, amemtaka aliyeaminiwa aitekeleze amana yake na amche Mola wake.

Na Sira ya Mtume (S.A.W.) inatosha kuwa darasa. Maquraishi walimkanusha, wakawaudhi wafuasi wake, na hatimaye wakapanga kumuua; lakini mali zao za thamani waliziweka kwake, kwa sababu walimjua kuwa ni al-Amin. Ulipofika usiku wa kuhama mwaka 622, alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib (R.A.) arejeshe amana za watu. Ali akakaa Makka siku tatu akiwarejeshea wenye amana zao, kisha akafuata Madina. Tuzingatie kwamba amana zile zilikuwa za watu wa mji uliokuwa ukimtafuta mwenye kuziweka ili auawe. Kama uadui wa namna hiyo haukuiangusha haki ya amana, basi tofauti ya dini au ya taifa kati ya msafiri na mwenye kaunta haiwezi kuiangusha. Suratu Aali Imran, aya ya 75, nayo inataja kuwa miongoni mwa Watu wa Kitabu wako ambao ukiwaamini kwa mali nyingi watakurejeshea. Kwa hiyo mkataba wa kuhifadhi mizigo na asiyekuwa Muislamu ni sahihi, na haki zake ni zilezile kwa pande zote mbili.

DESTURI YA KALE

Asidhani mtu kwamba jambo hili limezaliwa na ndege. Miji ya Kiislamu ilijaa makhan na mawikala ambamo wafanyabiashara walishukia. Wikala ya Sultani Qansuh al-Ghuri katika mji wa Cairo, iliyojengwa kiasi cha miaka 1504 na 1505, bado imesimama mpaka leo: maghala ya bidhaa chini, vyumba vya wasafiri juu, na lango kubwa linalofungwa. Msafiri alitua mzigo wake ghalani akapanda juu kulala.

Na kuna mfano ulio karibu zaidi na mas-ala yetu, nao ni hammam, yaani nyumba ya kuogea ya umma. Mtu alivua nguo zake nje, akaingia kuoga, na nguo zikabaki chini ya macho ya mwenye hammam au mlinzi wake. Zikiibiwa, nani analipa? Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamefafanua hivi: ikiwa mwenye nguo hakumwomba mtu azilinde, mwenye hammam hana dhamana, kwani hakukabidhiwa kitu. Ikiwa alimwambia, "Nitunzie nguo zangu," naye akakubali, kisha akalala au akaondoka bila ya kumwacha mwingine mahali pake, atalipa. Badala ya nguo tukiweka sanduku, na badala ya hammam tukiweka uwanja wa ndege, tumeshaupata msingi wa jawabu.

SURA NNE ZA MZIGO UWANJANI

Kosa kubwa la watu ni kuichanganya mizigo yote katika hukumu moja. Mzigo wa msafiri aliye njiani una sura nne, na kila sura ina mkataba wake.

Sura ya kwanza ni mzigo uliosajiliwa tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho. Huu haukutoka mikononi mwa shirika la ndege. Msafiri anapopita Istanbul akiwa hana ila begi la mkononi, sanduku lake liko chini ya mkataba wa kuchukuliwa, yaani ijara ya uchukuzi. Kwa mataifa yaliyouridhia, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 umeweka kiwango cha juu cha fidia kwa mizigo iliyoharibika, kupotea au kuchelewa. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kiwango hicho ni SDR 1,519 kwa abiria mmoja; hiyo SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Malalamiko ya mzigo ulioharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lakini dhamana hiyo inahusu muda ambao mzigo uko katika mikono ya shirika. Ukishaupokea wewe, ukaupeleka mwenyewe kwenye kaunta ya amana, shirika limetoka katika jambo hilo.

Sura ya pili ni kaunta yenye watu: unakabidhi sanduku, linakaguliwa kwa mashine, linafungwa alama, unalipa, unapewa risiti. Hii ni wadia kwa malipo, na ndiyo kiini cha makala haya.

Sura ya tatu ni kabati lenye kufuli au namba ya siri, ambalo unalifungua na kulifunga wewe mwenyewe. Hapa hukumkabidhi mtu mzigo, umekodi mahali. Huu ni mkataba wa ijara, kama mtu aliyekodi chumba. Mwenye nyumba halipi vitu vya mpangaji vilivyoibiwa bila ya kosa lake. Lakini ikiwa kufuli lilikuwa bovu naye anajua akanyamaza, au masharti yake yameahidi ulinzi wa mahali hapo na ulinzi haukuwekwa, basi amekosa katika lile alilolipwa.

Sura ya nne ni ile ya jirani wa kitini: "Ndugu yangu, nitazamie begi hili, naenda kutawadha." Watu huliona jambo jepesi, na kwa hakika ni wadia kamili isiyo na malipo. Yule aliyesema "naam" amejitwisha hifadhi. Akiinuka akaenda zake kwa kuwa ndege yake imeitwa, begi likaibiwa, atadaiwa dhamana yake, ingawa hakupewa hata senti moja. Aliyenyamaza asichukue wala asikubali hana dhamana kwa kunyamaza kwake. Juu ya hayo, viwanja vya ndege hukataza kuacha mzigo bila ya mwenyewe na kupokea mzigo wa usiyemjua, kwa khofu ya silaha na madawa ya kulevya. Imamu an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ametaja katika Minhaj at-Talibin kuwa asiyeweza kuihifadhi wadia ni haramu kwake kuipokea, na anayeweza lakini hana imani na nafsi yake ni makuruhu. Anayejiamini na kuweza ndiye aliyependekezewa kupokea. Kwa hali za viwanja vya leo, kumwambia usiyemjua "siwezi" hakupunguzi ucha Mungu wa mtu.

NANI ANABEBA HASARA?

Turejee kwenye kaunta. Maimamu wote wamekubaliana juu ya mambo mawili. La kwanza, mwenye kuhifadhi bure, bila ya kuvuka mpaka wala kuzembea, hana dhamana. Mkono wake ni mkono wa amana. La pili, aliyevuka mpaka (taaddi) au akazembea (tafriti) anadhamini, awe analipwa au halipwi. Khitilafu imeingia pale mwenye kuhifadhi anapolipwa, mali ikapotea bila ya kosa lake lililothibiti. Mtu wa namna hii, anayewafanyia kazi watu wengi kwa ujira, wanavyuoni humwita ajiri mushtarak.

Imamu Abu Hanifa (aliyefariki mwaka 150 Hijria) amesema mkono wa ajiri huyo ni wa amana, hadhamini kilichopotea bila ya tendo lake. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, wamemkhalifu. Wao wamesema anadhamini, isipokuwa kwa balaa lisiloweza kuzuilika, kama moto mkubwa ulioenea. Wameangalia maslaha ya watu: mtu anayeishi kwa mali za wengine, akijua kuwa hadaiwi chochote, atalegea. Imamu Malik naye amewadhaminisha mafundi kwa vitu wanavyopewa, kwa kuangalia maslaha hayohayo. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kwamba hadhamini ila kwa kosa, na Mahanbali wanakubaliana nayo katika kitu kilichoibiwa kutoka mahali pa hifadhi bila ya uzembe.

Na hapa historia inaturudisha katika mji uleule wa mfano wetu. Baina ya mwaka 1869 na 1876, kamati ya wanavyuoni wa dola ya Uthmaniya, chini ya uongozi wa Ahmed Cevdet Pasha, iliandika Majalla ya Hukumu za Kisheria, yenye vitabu 16 na vifungu 1851, kwa msingi wa madhehebu ya Hanafi. Kitabu cha sita ni cha amana. Katika kifungu cha 777 wamepitisha kuwa mustaudaa asiye na kosa hadhamini, lakini ikiwa wadia imewekwa kwa ujira wa hifadhi, kisha ikapotea kwa sababu inayowezekana kuepukwa, kama wizi, atadhamini. Uturuki iliiacha Majalla mwaka 1926 ilipochukua sheria ya kiraia ya namna ya Ulaya, na kaunta ya leo inaendeshwa kwa sheria hiyo mpya. Lakini fiqhi iliyomo katika kifungu kile haikufutwa na bunge lolote, na mwanachuoni wa leo anaweza kuirejea.

Sisi watu wa mwambao wa Afrika Mashariki, ambao wengi wetu ni Mashafii, tusichukue kauli ya Imamu wetu tukaifanya kichaka cha wazembe. Kauli yake haisemi kuwa mwenye kaunta hana wajibu. Imesema hadhamini bila ya kosa. Swali linalofuata ni: kosa ni lipi?

MAMBO YANAYOMTIA HATIANI MWENYE KUHIFADHI

Wanavyuoni wa Kishafii wameyahesabu, na baadhi ya washereheshaji wameyafikisha kumi. Tunataja yale yanayogusa mizigo ya safari.

Kwanza, kuiweka wadia kwa mtu mwingine bila ya idhini wala udhuru. Pili, kuihamisha kutoka mahali palipo salama kuipeleka mahali pa chini yake, kama kutoa sanduku ghalani kulipanga ukumbini kwa kuwa ghala limejaa. Tatu, kuacha kuizuilia vyenye kuiharibu, mfano maji yanayovuja juu yake huku akitazama. Nne, kukhalifu maagizo ya mwenyewe katika namna ya kuihifadhi, hasara ikatokana na ukhalifu huo. Tano, kuitumia. Sita, kuipoteza kwa kuiweka pasipo hifadhi yake, au kumpa asiyekuwa mwenyewe. Saba, kuizuia bila ya udhuru baada ya mwenyewe kuidai.

Hilo la kumpa asiyekuwa mwenyewe ni la hatari zaidi katika kaunta za leo, maana masanduku mengi hufanana rangi na umbo. Mfanyakazi akilitoa sanduku lako kwa mwingine bila ya kuilinganisha alama na risiti, hana pa kukimbilia katika madhehebu yoyote. Na mahali pa hifadhi, yaani hirz, hupimwa kwa ada ya watu na kwa kitu chenyewe. Hirz ya masanduku ya wasafiri ni chumba kinachofungwa, kilicho na mlinzi na kisichoingiwa na kila mtu. Mwenye kulipwa kwa kazi hiyo akakosa mojawapo, ameshazembea. Kwa hiyo katika hali nyingi za wizi, madhehebu ya Shafii na kifungu cha 777 hufika mahali pamoja ingawa njia zao ni mbili: Majalla inamdhaminisha kwa kuwa wizi huepukika, na Mashafii humdhaminisha ikidhihiri kuwa hakuziba njia ya mwizi.

Wakigombana juu ya chanzo cha hasara, Minhaj imeweka mizani ya uadilifu. Mwenye kuhifadhi akidai kupotea kwa sababu iliyofichikana, kama wizi, husadikiwa kwa kiapo. Akidai sababu iliyo dhahiri, kama moto, huangaliwa: ikijulikana kuwa moto ulitokea na ukaenea, husadikiwa bila ya kiapo, ukijulikana kutokea bila ya kuenea kwake, huapa, na usipojulikana kabisa, hutakiwa kwanza alete ushahidi kuwa moto ulikuwako, kisha aape kuwa mali iliangamia kwa moto huo.

KIBAO CHA "HATUWAJIBIKI"

Mara nyingi juu ya kaunta au nyuma ya risiti huandikwa kuwa ofisi haiwajibiki kwa hasara yoyote. Je, maneno hayo yana uzito?

Kwa hasara isiyo na kosa, kibao kimeeleza tu hukumu iliyokuwako kwa wale wasiodhaminisha. Kwa hasara iliyoletwa na taaddi au uzembe, kibao hakimwokoi. Haki ya kulipwa haijathibiti wakati wa kuweka mzigo. Inathibiti pale kosa linapotokea. Na msamaha wa haki ambayo bado haijathibiti, wanaouita ibraa ya kisichokuwa wajibu, haufai kwa Mashafii. Na hata mbele ya akili, mtu hawezi kupokea ujira wa kuhifadhi na papo hapo akajiwekea ruhusa ya kutohifadhi.

Vivyo hivyo, masharti hayamgeuzi amini kuwa mdhamini wa kila kitu. Mashafii wanaona sharti la kumdhaminisha amini asiye na kosa ni batili. Lakini ikiwa ofisi yenyewe, kwa hiari yake au kwa hukumu ya nchi yake, inatoa fidia ya kiwango fulani, hapana ubaya kwa msafiri kuipokea kwa mali iliyopotea kweli. Tunasema "kweli" kwa kusudi. Wapo wanaojaza fomu ya fidia kwa vitu ambavyo havikuwamo sandukuni, au nguo kuukuu ikaandikwa bei ya mpya, kwa hoja kwamba shirika ni tajiri au si la Waislamu. Huko ni kula mali ya watu kwa batili, na katazo la Suratul-Baqara, aya ya 188, linakugusa. Na sanduku likipatikana baada ya kulipwa, fidia irejeshwe na mwenyewe achukue mali yake. Hana haki ya kukusanya vyote viwili.

MSAFIRI NAYE NI MUSTAUDAA

Tumefika kwenye jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Msafiri wetu si mwenye mali tu; mara nyingi yeye mwenyewe amebeba amana za wengine. Mama mmoja amempa kidani cha dhahabu ampelekee binti yake. Jirani amempa pesa za sadaka zifike Makka. Mwingine ametuma hati za shamba au dawa za mgonjwa. Vyote hivi ni wadia mkononi mwake, naye ndiye mustaudaa.

Sasa akiviacha vitu hivyo ndani ya sanduku kwenye kaunta ili aende kutembea, amefanya lile la kwanza katika orodha yetu: ameiweka wadia kwa mtu mwingine bila ya idhini wala udhuru. Kikipotea, anadhamini yeye kwa mwenye mali, hata kama ofisi ya amana haina kosa lolote. Hawezi kumwambia yule mama, "Kadari ya Mungu, sanduku liliibiwa." Atamlipa, kisha yeye ajuane na ofisi.

Hatusemi kuwa kila kukabidhi ni kosa. Aliyetuma furushi kwa msafiri wa ndege anajua kuwa litapita katika mikono ya shirika, na ada hiyo ni kama idhini. Pia wanavyuoni wamemruhusu mustaudaa kusaidiwa na mtu wa kumbebea wadia maadamu jicho lake halijaondoka juu yake. Lakini kuiacha kwa saa nane kwa ajili ya matembezi hakumo katika ada hiyo. Njia ya salama ni tatu: aombe idhini kabla ya safari, kwa kusema wazi, "Huenda nikauweka mzigo huu kwenye hifadhi ya uwanja", au kitu cha thamani akibebe mwilini, au, kama hana njia ya mawili hayo, abaki nacho uwanjani. Ziara ni jambo zuri, lakini haitangulizwi mbele ya wajibu wa kuhifadhi mali ya mtu.

KUUFUNGA MKATABA SAWASAWA

Kwa kuwa wadia ya malipo imeingiwa na hukumu za ijara, yapasa ujira na muda vijulikane, ili kusiwe na ujinga unaoleta ugomvi. Msafiri aulize bei ni ya saa ngapi, na akipitisha muda atalipa nini. Akichelewa kuliko walivyoafikiana, asijifanye hakuona. Muda uliozidi una ujira wake. Na ofisi nayo imefungwa na muda huo. Mwenye kuhifadhi bure anaweza kukurejeshea kitu chako wakati wowote autakao, lakini aliyelipwa kwa siku nzima hana haki ya kukutolea mzigo wako nje saa sita mchana.

Asiweke kilicho haramu, wala asifiche kilichomo anapoulizwa. Anayeweka chakula kinachoharibika, kama samaki au nyama ya kupika, bila ya kuijulisha ofisi, asiilaumu kikioza. Fedha, dhahabu, pasipoti na dawa visikae ndani ya mzigo wa kuachwa. Risiti aitunze, kwa maana Qur'ani imetufundisha kuyaandika madeni, na amana iliyo katika nchi ya ugeni ina haja hiyohiyo ya maandishi. Ni vyema pia amjulishe mwenzake wa safari au ahali zake mahali mzigo ulipo. Mauti hayangoji ndege, na warithi wasiojua kuna sanduku hawawezi kulidai.

Na mzigo uliochelewa kuchukuliwa haugeuki kuwa luqata, yaani kitu cha kuokotwa. Mwenyewe anajulikana, jina lake limeandikwa. Masharti yakiwa yameruhusu kuuzwa baada ya muda fulani, naye aliyakubali, basi ofisi imeuza kwa niaba yake. Itakata haki yake, na kitakachobaki ni mali ya mwenye sanduku.

HITIMISHO

Mukhtasari wa maneno yetu ni huu. Mwenye kaunta ya amana si mdhamini wa kila balaa, wala si mtu asiyedaiwa. Akihifadhi kama wanavyohifadhi watu wa kazi yake, kisha likashuka lisilozuilika, hasara ni ya mwenye mali. Akizembea, au akampa asiyehusika, analipa, na kibao chake hakimfai kitu. Kwa wizi unaoepukika, ziko kauli mbili zenye heshima, na kadhi au mwenye kutoa fatwa ataangalia hali ilivyokuwa. Na msafiri mwenyewe, kabla ya kuhesabu anachodai kwa ofisi, ahesabu kwanza alichobebeshwa na watu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozichunga amana zao, nyumbani na safarini, mbele ya macho ya watu na nyuma yao.

Wallahu a'lam.